Aliyekosa Ndiye Atembee

Pa!

Hivyo ndivyo asubuhi zetu zilivyoanza. Kabla hujaona mtu, kabla hujaona hata mkono wako mwenyewe, ulisikia pa! ya shuka bichi likikung'utwa na watu wawili, kisha kimya, matone yakidondoka sakafuni, kisha pa! nyingine, mbali zaidi, kana kwamba ndege mkubwa alikuwa akijaribu mabawa yake ndani ya wingu. Wingu lenyewe lilikuwa mvuke. Mama Povu aliwasha moto chini ya mapipa kabla jua halijatoka, na sisi tulipofika mlango ulitumeza mmoja mmoja. Humo ndani tulijuana kwa sauti.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Akina mimi ni wengi, sema vizuri!"

Kisha kicheko, kisha maji.

Tulipaita Nyumba ya Mvuke. Zamani ilikuwa karakana nyuma ya kanisa, paa lake refu, madirisha yake madogo juu kabisa karibu na dari. Kanisa likaigeuza kuwa nyumba ya udobi, likatuweka humo sisi vijana tuliotoka jela, pamoja na wengine waliokuwa wakielekea huko kwa mwendo wa kasi. Tulifua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Watu wa mtaa walipita nje wakishika mifuko yao, wakatuita takataka. Sawa. Lakini walipougua, takataka hao ndio waliowatandikia weupe wa kulalia, na sijasikia mgonjwa hata mmoja aliyekataa kulala kwa sababu ya mikono iliyofua.

Mimi nilikuwa mezani pa pasi. Pasi ni kazi inayoshika mkono na kuyaacha macho huru, ndiyo maana niliona mengi.

Mama Povu, mkuu wetu, alikuwa mwanamke mfupi, mpana, vidole vimekunjamana kwa maji ya miaka. Alikuwa amesimamia ufuaji wa hospitali maisha yake yote, kisha akastaafu, akachoka kukaa, akaja kwetu. Alitufundisha kukunja kabla hajatufundisha kufua.

"Shuka kubwa halikunjwi na mtu peke yake," alisema. "Mnashika ncha, mnarudi nyuma mpaka likaze, mnalikung'uta. Halafu mmoja anasimama, mikono juu, na mwenzake anamfuata, anamtilia ncha zake mkononi. Anayesimama havuti. Anayetembea harushi. Mkitembea wote wawili, shuka linalegea katikati, linagusa chini, kazi yangu ya asubuhi imekufa. Mkisimama wote wawili, mtazeekea hapo na shuka lenu."

Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuna hospitali iliyomfundisha. Waliogombana ndani ya wiki walipewa shuka moja Jumamosi, na aliyekosa ndiye aliyetembea. Hakuna hotuba, hakuna kupeana mikono kwa kulazimishwa. Unatembea tu. Jaribu siku moja. Ukiwa mbali unaweza kukunja uso utakavyo, lakini ukifika karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mwenzako, ukaweka ncha kwenye vidole vyake, huna tena pa kupeleka macho. Kengele, msichana wetu wa mapipa, ambaye mdomo wake haukujua siku ya mapumziko, aliwahi kunitembelea mimi kwa sababu ya kuniita sura ya pasi baridi. Alipofika aliniangalia kwa huruma, akaninong'oneza, "Nisamehe, kaka. Lakini ni kweli imepoa." Tulicheka mpaka shuka likatuponyoka.

Komeo peke yake hakuwahi kutembea.

Jina hilo tulimpa sisi, kwa jinsi alivyojifunga. Hakugombana na mtu. Hakumkosea mtu. Alianika. Hiyo ndiyo kazi aliyoiomba siku ya kwanza, na alianika kwa namna ambayo Mama Povu mwenyewe alitoka nje kuitazama: kamba baada ya kamba, mashuka yamenyooka, vibanio vimepangwa sawasawa kama meno. Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakuyasogelea mapipa ya maji yanayochemka. Akitumwa kuchukua nguo upande ule alizunguka jengo zima kwa nje, akazipokea dirishani.

Tulijua kwa nini. Jela haina pazia. Kosa la mwenzako unalijua kabla ya jina lake. Nyumbani kwao kulikuwa na baba wa kambo aliyempiga mama yao. Mchana mmoja, Komeo akiwa mvulana ambaye sauti yake bado inavunjika, alishika sufuria iliyokuwa ikichemka jikoni akamrushia yule mtu. Yule mtu alijikunja. Mlangoni nyuma yake alikuwa anaingia mdogo wake Komeo, msichana mdogo, na maji yakamkuta yeye, shingoni, begani, mkono wote wa kushoto.

Mama yao alikuwa akija jela kumtazama, peke yake siku zote. Kisha Komeo akatolewa, akaletwa kwetu, na siku moja yule mdogo wake alikuja. Komeo alimwona kutoka uwanjani. Tulisikia mlango wa nyuma ukilia. Binti alikaa kwenye benchi letu asubuhi nzima, akanywa chai aliyopewa, akashukuru, akaondoka. Komeo alirudi jioni viatu vimejaa tope, akaanza kuanika mashuka yaliyokwisha kuanikwa.

Ijumaa mchana Mchungaji alikuja kama kawaida yake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na mashati yake yote yalikuwa na alama za kuungua, maana aliishi peke yake na alikataa katakata tumpigie pasi.

"Mchungaji," Kengele alimpokea, "hilo shati lilikukosea nini?"

"Mimi ndiye niliyelikosea, mwanangu. Nalo limenisamehe, unaona bado linanivaa."

Tulikaa juu ya mafurushi. Moto ulikuwa umepunguzwa, mvuke umetulia, mwanga wa madirisha ya juu ukishuka ndani yake polepole kama maziwa ndani ya chai. Saa hiyo kila kitu kilikuwa na ukungu na upole, hata sura zetu. Mchungaji aliomba kwa kifupi, akazungumza kuhusu msamaha. Alisema Mungu hangoji tuwe safi ndipo atushike. Hutushika tukiwa tunanuka, na kazi ya kutusafisha huianza akiwa ameshatukumbatia.

"Mchungaji, naomba kuuliza."

Niligeuka mimi, akageuka Kengele, akageuka Mama Povu mwenyewe. Ilikuwa sauti ya Komeo.

"Uliza, mwanangu."

"Mungu anasamehe kwa niaba ya nani? Yeye hakumwagiwa maji ya moto. Aliyemwagiwa ni mdogo wangu. Mimi nikipiga magoti hapa, nikalia, ukaniambia nimesamehewa, nikaenda kulala usingizi mtamu, yeye analala ubavu gani? Wa kushoto hawezi. Ngozi inavuta. Mama aliniambia."

Mchungaji hakujibu haraka, na kwa hilo nilimpenda. Nimewasikia wahubiri wenye majibu ya mkononi, yanayotoka kama kelele za muuza karanga. Huyu alikaa akipapasa alama ya kuungua kwenye shati lake, akatafuta.

"Maji hakumwagiwa, ni kweli," alisema mwishowe. "Misumari alipigiliwa. Na alipowaombea msamaha waliompigilia, misumari ilikuwa bado imo. Hakungoja apone. Kwa hiyo usimfikirie kama mtu anayesamehe kwa mbali, jambo lisilomuuma."

"Huyo ni Yesu. Mdogo wangu si Yesu."

"Si Yesu. Na hakuna mtu hapa atakayemwambia awe Yesu. Ana ruhusa ya kukutemea mate. Mungu kukusamehe wewe hakumfungi yeye mdomo."

"Basi kunanisaidia nini?"

"Kunakupa miguu." Mchungaji alimtazama sawasawa. "Mtu asiyeamini kwamba amesamehewa hukimbia kila anayemwona. Lakini wewe ukijua kuna mmoja aliyekuona siku ile ile, sufuria mkononi, akakuona mpaka ndani na hakukuacha, utaweza kusimama mwingine akuone. Akusamehe, asikusamehe, utakuwa umesimama."

Komeo aligeuka akautazama mlango wa nyuma.

"Kesho mdogo wako anakuja," Mchungaji aliongeza kwa sauti ya chini. "Nimetoka kwao sasa hivi. Ameniambia nikueleze mapema. Amesema hataki kukuvizia."

Tulipoinuka, Kengele alimsogelea. "Kaka Komeo, kesho nikufunge kamba mguuni?"

Alikuwa anatania. Komeo hakutania. "Ukiweza, nifunge," alisema.

Jumamosi kulikucha na upepo mwepesi. Hospitali ilikuwa imeleta mzigo mkubwa, na siku kama hizo uwanja wetu wa kuanikia uligeuka mji. Mji mweupe wenye vichochoro, kuta zake zikipumua. Ukiingia humo uliwasikia watu hukuwaona. Uliona vivuli tu vikipita juu ya mashuka, na kivuli hakisemi kama mwenyewe yuko karibu au mbali. Harufu ya sabuni na ya jua. Chini, matone ya usiku uliopita yalikuwa yamefanya ardhi kuwa laini, na hatua zako hazikusikika. Mara nyingi nilikuwa nikitumwa humo kuleta nguo za pasi, nikajikuta nimesimama katikati ya kichochoro, nimesahau nilichotumwa, kama mtu aliyeamka ndani ya ndoto akaona ni afadhali abaki.

Binti aliingia getini asubuhi hiyo. Mwembamba, shingo imefungwa kitambaa, mkono wa kushoto ameukunja karibu na kifua kama aliyebeba kitu cha kuvunjika. Kengele alimkimbilia.

"Karibu, dada. Umekuja kwa Komeo?"

"Nimekuja kwa kaka yangu. Huyo Komeo simjui."

"Ndiye huyo huyo. Yupo humo." Akanyoosha kidole kwenye mji mweupe.

Yaliyotokea humo ndani alinisimulia Komeo mwenyewe baadaye. Alikuwa kwenye kamba ya mwisho, karibu na ukuta, ambako kuna kimlango kinachotokea barabara ya nyuma. Alisikia sauti ya mdogo wake getini, na mkono wake ukashika kitasa bila kumwomba ruhusa. Kitasa kilikuwa cha baridi. Hakuwa mtu wa maombi marefu. Alisema tu, kwa midomo bila sauti: "Bwana, izuie miguu hii, maana mimi siiwezi."

Mimi naamini alijibiwa, na naamini alijibiwa kupita kiasi, kama nitakavyoeleza.

Kwanza akaona kivuli. Kilikuja juu ya shuka, kikasimama. Upepo ulipoingia chini ya shuka kivuli kilipungua kikawa cha mtoto mdogo, yule wa mlangoni. Ulipotoka, kikarefuka kikawa cha mtu mzima asiyemjua. Kikawa mtoto, kikawa mtu mzima, kikawa mtoto.

"Kaka?"

"Nipo."

Neno lilimtoka kabla hajalikubali.

"Usiondoke."

"Siondoki."

Kisha wakasimama, kila mmoja upande wake, na shuka katikati yao likipumua. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulifunua. Wangekaa hivyo mpaka jioni, nadhani, kama si Mama Povu, ambaye kutoka mlangoni aliviona vivuli vyao viwili na akaelewa alichotaka kukielewa.

"Nyinyi wawili huko!" alipaza sauti. "Hilo shuka lililo katikati yenu limekauka. Lianueni!"

Wakaanza kutoa vibanio, mmoja huku, mwingine kule. Shuka likashuka. Ndipo wakaonana.

Sisi tulikuwa tumejazana mlangoni, mvuke ukitoka nyuma ya migongo yetu. Tuliwaona wakitokeza kwenye uwazi wa katikati ya uwanja wakilibeba lile shuka baina yao, hakuna anayemwangalia mwenzake. Kengele hakuweza kujizuia.

"Dada, wewe simama, mikono juu! Yeye ndiye atembee. Hapa kwetu aliyekosa ndiye atembee."

"Na kama hajui kutembea?" binti aliuliza. "Mimi namjua kwa kukimbia."

Tuliinamisha vichwa. Neno lilikuwa halali yake.

"Atajifunza leo," Mama Povu alisema.

Wakarudi nyuma mpaka shuka likakaza. Wakalikung'uta, pa!, pa! dhaifu, ya upande mmoja. Binti akainua mikono. Wa kulia ukapanda mpaka juu. Wa kushoto ukafika kifuani, ukasimama. Akajaribu tena, mdomo ameuma, na tuliona ngozi ya shingo ikivuta chini ya kitambaa kama kamba iliyofupishwa. Haukupanda. Ncha ya kushoto ikaanza kushuka.

Mama Povu alishika mdomo. Hakujua. Hakuna aliyejua, mkono ule tuliuona umekunjwa tu, hatukujua kwamba mwisho wake ni hapo. Tulikuwa tumemweka msichana wa watu mbele ya kundi zima, tukamwamrisha afanye jambo moja ambalo kaka yake alimnyang'anya.

Na Komeo akaliona. Kwa miaka yote alikuwa akiiona ile siku kichwani mwake. Sasa aliona siku zilizoifuata, zote kwa pamoja, kila kabati la juu, kila kamba ya nguo, kila asubuhi ya kuchana nywele. Alitakiwa kutembea. Tulimwona akitaka. Miguu yake haikung'oka. Aliomba izuiwe, nayo ilizuiwa, ikaota pale. Alisimama ameshika ncha zake, mdomo wazi, na shuka likaendelea kushuka upande wa pili.

"Kaka, mkono huu haupandi zaidi ya hapa," binti alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemweleza fundi wa nguo. "Shuka la watu litachafuka."

Akaanza kutembea yeye.

"Hapana, dada, si wewe!" Kengele alipiga kelele. "Ni yeye, ni yeye!"

"Nyamaza, mwanangu," Mama Povu alisema. Sijawahi kumsikia akisema neno kwa upole namna ile. "Nyamaza uone."

Alikuja polepole, ncha moja juu, moja kifuani. Aliyekosewa alikuwa anamwendea aliyekosa. Pale nje sikufikiria mahubiri ya mtu yeyote, lakini nilisisimka mwili mzima, kwa maana nililiona kwa macho lile jambo ambalo Ijumaa zote hizo nilikuwa nalisikia kwa masikio. Na alipofika kama nusu ya njia, kitu kilikatika ndani ya Komeo. Alitoa sauti, si neno, akang'oka, akamwendea naye.

Wote wawili wakatembea. Shuka likalegea katikati, likatua kwenye tope, likajikunja humo kama mnyama anayelala, na hakuna aliyelijali. Tulikuwa tumefundishwa kuogopa hilo. Hatukuwahi kuambiwa kwamba wakitembea wote wawili hukutana mapema.

Komeo alizipokea ncha, ya mkono wa kushoto kwanza. Aliipokea palepale mkono ulipofikia, kifuani, akainama yeye ili usihitaji kupanda. Akaanza kulia. Binti hakumkumbatia. Hakumsukuma pia. Alisimama akamwacha alie.

Mama Povu alingoja, kisha akakohoa.

"Limechafuka," alisema. "Aliyelichafua alifue. Nyote wawili."

Ndani, mvuke ulikuwa bado mzito. Komeo alifika mbele ya pipa lililokuwa likichemka, akasimama kama mbele ya mbwa asiyemjua. Mimi nilirudi mezani pangu, hatua chache tu kutoka hapo, na siombi radhi kwa kusikia. Masikio hayana kifuniko.

"Unaogopa maji?" binti aliuliza.

"Naogopa maji na wewe mkiwa chumba kimoja."

"Mimi ndiye ninayechemsha maji nyumbani. Kila asubuhi. Mama hawezi, mikono inamtetemeka. Lete huo mti."

Akauchukua ule mti wa kukorogea kwa mkono wa kulia, akalizamisha shuka. Komeo alimtazama akihangaika peke yake, kisha naye akaushika juu ya mkono wake, na wakakoroga pamoja, tope likitoka na kupotea ndani ya maji. Mvuke uliwafunika. Nikabaki na sauti tu.

"Kuna kitu nimekuja kukuuliza. Hata mara ya kwanza nilikuja na hicho hicho. Nitakiuliza mara moja."

"Uliza."

"Siku ile ulinilenga mimi?"

Mti ulisimama.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Mume wa mama. Kabla hajaondoka kwetu, kila nilipolia kidonda, alikuwa ananiambia: kaka yako hakukosea, kaka yako alikuwa anakuonea wivu, mama alikupenda wewe. Nikakua nayo. Nikijitazama kwenye kioo najiuliza, huu ni mkono wa kaka tu, au ni moyo wake pia? Nikasema nitakuja nimuulize. Nikaja, ukakimbia. Nikaondoka hapa nikijua ni kweli."

Pasi yangu ilikuwa imetulia juu ya foronya. Foronya iliungua. Niliiacha iungue.

"Hapana," Komeo alisema. "Hapana, hapana, mdogo wangu. Nilimlenga yeye. Wewe ulikuwa umetumwa dukani, nilijua hujarudi. Nilikuwa nakusikiliza barabarani ili usiikute ile vita, na sikukusikia. Mimi nakimbia kwa sababu siwezi kukutazama, si kwa sababu..." Akakwama. Alipoanza tena sauti ilikuwa nyingine, imenyooka. "Lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Niliyarusha kwa kusudi la kumuunguza mtu. Nilitaka aungue. Maji yalitoka mkononi mwangu na nia hiyo, yakakukuta wewe. Na baadaye nimekuunguza mara ya pili kwa kukimbia. Nisamehe."

"Umesemaje mwisho?"

"Nisamehe."

Nilimsikia binti akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani lakini bado hajanyoosha shingo.

"Najua kwa Mungu umeshakwenda," alisema. "Mchungaji aliniambia unaomba. Nilifurahi, halafu nikakasirika. Nikasema, huyu kaka amefika mpaka mbinguni, mimi niko mtaa wa pili hajafika."

Komeo alicheka na kulia kwa pamoja, kicheko kibaya cha mtu aliyesahau namna yake.

"Sasa nisikilize," binti akaendelea. "Lile la kunichukia, ambalo hukulifanya, limeondoka. Nimeliona likiondoka. Hili la maji nimekusamehe kidogo. Kidogo cha kweli, si cha mdomo. Huwa nasali kiongezeke. Siku nyingine kinaongezeka. Siku nyingine naamka, mkono unavuta, nakitupa chote nje, inabidi nianze upya kukiomba. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

"Wala usininunulie zawadi."

"Sinunui."

"Wala usinifanyie huruma ya kijinga. Mkono huu unakata vitunguu kukushinda wewe."

"Hilo nalijua. Mimi hata viwili sijui kukata."

Walilisuuza lile shuka mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Walilitia buluu ya kung'arisha weupe. Walilikamua, Komeo akishika mwisho mmoja bila kusogea, binti akizungusha mwisho wa pili kwa mkono mzuri, maji yakidondoka baina yao. Tulipotoka nje jua lilikuwa limepanda na mji mweupe ulikuwa umeanza kubomolewa, kuta zikianuliwa moja moja, uwanja ukifunguka. Walilianika pamoja kwenye kamba ya chini, ile ambayo Komeo alikuwa ameishusha dakika ile ile bila kusema neno, mpaka usawa wa kifua.

Binti alilitazama. "Umelipinda," alisema.

Kweli lilikuwa limepinda. Kwa mara ya kwanza tangu aje, Komeo alikuwa ameanika shuka kombo, na hakulirekebisha.

Mama Povu alimfungia binti mkate kwenye kitambaa, kwa ajili ya mama yake. Tukamsindikiza sote, maana hakuna aliyetaka kurudi kazini. Getini akageuka.

"Mama anakusalimu," alimwambia kaka yake. "Nilisahau kusema. Nilikuwa na hasira, nikasahau."

"Nimepokea. Nami namsalimu."

"Jumamosi ijayo nitarudi. Sijui nitarudi na moyo gani, nakuambia mapema. Naweza kuja sitaki hata kukuona. Naweza kuja nikakupigia kelele mbele ya hawa wote."

"Kelele hapa ni kazi yangu, dada," Kengele alisema, "lakini nitakuachia zamu."

Binti alitabasamu, upande mmoja tu, upande ambao ngozi iliruhusu. Kisha tabasamu likaondoka, akamtazama kaka yake machoni, na tukaona kwamba hili ndilo alilokuwa akilizunguka tangu afike getini.

"Nikija hivyo, utapita mlango wa nyuma?"

Komeo alifumba macho, midomo ikatikisika kidogo, na safari hii sidhani kwamba aliombea miguu. Alipofumbua alisema kwa sauti ambayo wapita njia waligeuka kuisikia, wale wale wa kushika mifuko:

"Sipiti. Mdogo wangu, nakuahidi mbele za Mungu na mbele ya hawa ndugu zangu. Njoo na hasira, njoo na kilio, njoo umenuna usiseme neno. Njoo hata ukiwa umekitupa chote nje. Utanikuta hapa hapa, na lolote utakaloniuliza, nitakujibu nikikutazama."